Safu ya Waliomaliza

Februari, mjini Oulu, jua huchelewa kutoka
kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Vieno Karppinen amelitangulia.
Amevua viatu mlangoni, amebaki na soksi za sufu,
anasoma afya ya mji usio na tope.

Mji ni wa simu. Unaenea kiganjani.
Unaupakua bure, unapewa kiwanja, barabara,
na meya asiyechoka kutabasamu,
kisha unaambiwa: hospitali, subiri saa nane;
daraja, siku mbili;
au lipa.
Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.
Hapa haraka ndiyo bidhaa,
imefungwa katika vijaluba vya almasi,
kijaluba kidogo yuro tano kasoro senti.

Hesabu zasema hivi.
Waliopakua, milioni moja na laki tatu.
Waliorudi kesho yake, thuluthi.
Mwezi ukiisha, katika kila mia, wanne.
Kumleta mgeni kwa matangazo, yuro mbili na nusu;
anachoacha mezani akiondoka, yuro moja na senti kumi,
na duka la simu limeshamega fungu lake
kabla hujasema bismillahi.
Mstari wa mapato ulipanda Oktoba,
Desemba ukasimama kupumua,
sasa unateremka kama mtoto kwenye kilima cha theluji,
ila huu haucheki.

Wengi ni wapita njia. Wanaoubeba mji
ni mia mbili na kumi na wawili.
Kazini wanaitwa nyangumi.
Vieno halipendi jina hilo:
anajua nyangumi hutafutwa kwa nini.

Nyangumi wa kumi na tisa ni namba tu, 40713.
Kila Ijumaa jioni kijaluba kimoja, miaka mitatu,
hakuruka hata Krismasi.
Tangu tarehe tisa Januari, kimya.
Mfumo umempaka nyekundu: AMETOROKA.

Jouko wa masoko ameshatoa dawa: mpelekee zawadi,
almasi mia, ujumbe wenye moyo mwekundu,
"Mji wako unakulilia."
Kidole kiko juu ya kitufe.
Lakini Vieno anaingia kwanza, ausikie huo mji unaolia.

Hakuna mnara wa kioo. Hakuna uwanja wa ndege.
Kuna mto, umechimbwa kigae kwa kigae,
na kiwanda cha karatasi ukingoni, dohani yake inafuka;
sarafu zimerundikana juu ya paa, hakuna aliyeziokota.
Nyumba arobaini na moja za mbao, za manjano,
kila moja na sauna yake nyuma.
Duka la ushirika. Kituo cha basi.
Shangazi yake Vieno alishika zamu ya usiku mahali kama hapo
hadi karatasi ilipokosa wasomaji
na mashine zikauzwa kwa kilo.

Mtaa wa mwisho, nyumba ya mwisho:
imekamilika tarehe tisa, saa tatu kasorobo usiku.
Mchezo unaruhusu kibao kimoja, maneno machache.
Ameandika:
Basi. Wote wamerudi.

Vieno anarejea kwenye jedwali.
Kuna safu ya waliokuja, safu ya waliolipa,
ya waliochoka, ya waliohamia kwa jirani,
ya waliokataliwa na kadi ya benki.
Anatafuta safu ya waliomaliza.
Mji huu haukuwekewa mlango upande huo.

Saa tatu. Jua limeweka ukucha dirishani.
Jouko anapita na kahawa: "Umeshamtumia?"
Vieno anaandika kichwa cha safu mpya,
chini yake anaweka moja.
Kikao cha saa nne kitaifuta, anajua,
na mstari umeshuka tena, kwa upana wa unywele.

"Huyu," anasema, "hatumdai."